Wageni wa Mkutano na Madema ya Sidab

Kazi yangu, kwa maneno machache, ni kuwatoa watu ukumbini. Mkutano wa mazingira unapofanyika Maskati, wageni hukaa siku mbili tatu ndani ya hoteli yenye baridi ya kuumiza mifupa, wakasikiliza hotuba na kutazama michoro ukutani, na siku ya mwisho hutolewa nje wakaione nchi. Siku hiyo ya mwisho ni yangu. Nimeisimamia miaka mingi na naijua. Najua basi lipite wapi, najua mgeni apewe maji saa ngapi, na nikimtazama mtu usoni najua kama hawezi kupanda ngazi na anaona haya kusema. Najua pia kwamba siku hiyo ndiyo watu wanayoikumbuka. Hotuba nyingi husahauliwa kabla ndege haijaruka.

Sikuanza na ujuzi huo. Zamani siku ya mwisho ilikuwa ya matembezi tu. Tuliwapeleka wageni msikitini, ngomeni, sokoni, wakapiga picha, wakanunua ubani, wakarudi hotelini wamechoka na jua. Idara yetu iko Khuwair ya Kusini, na kwenye droo ya meza yangu palikuwa na ratiba moja ambayo kila mkutano ulipokuja niliibadilisha tarehe nikaipeleka kutiwa saini. Kilichonizindua ni safari ya Japani.

Kule nilikwenda mimi nikiwa mgeni. Siku ya mwisho ya mkutano tulipakiwa ndani ya basi tukapelekwa kijiji cha wavuvi, penye ghuba ndogo iliyozungukwa na milima ya misonobari. Watu wa kijiji kile walikuwa wakipanda upya majani ya baharini, yale marefu kama utepe ambamo samaki wadogo hujificha, kwa sababu yalikuwa yamekufa. Tulipewa mabuti ya mpira, tukakalishwa pamoja na wanawake wa pale tukachambua mbegu kwenye matope. Mbegu zenyewe ni kama punje za mchele zilizovunjika. Vidole vyangu vilikufa ganzi kwa baridi, na bibi mmoja aliyekaa ubavuni kwangu akavishika akavisugua, kisha akanirudishia sahani yangu ya matope niendelee.

Baadaye mwenyekiti wa wavuvi alituchukua upande wa pili wa gati akatuonyesha mahali pasipokuwa na kitu. Maji na mchanga tu. Akasema kupitia mkalimani, "Hapa tumepanda mara tatu, na mara tatu yamekufa. Hatujui kwa nini. Kama kuna anayejua kati yenu, atuambie."

Watu waliokuwa wakipiga miayo tangu asubuhi waliamka. Mmoja akauliza kuhusu mto unaomwaga maji pale, mwingine akapiga magoti gatini ili aone rangi ya mchanga, wawili wakaanza kubishana. Tulisimama kwenye upepo ule kwa saa nzima na dereva wa basi akapiga honi mpaka akakata tamaa. Nilirudi Maskati na jambo moja kichwani. Ukimwonyesha mgeni uzuri atakusifu. Ukimwonyesha tatizo atavua koti.

Kwa hiyo mkutano wa bahari na pwani ulipokuja kwetu, nilimwendea mudir wangu, mkuu wa idara, nikamwambia kundi langu nalipeleka Sidab.

Sidab unaifikia kwa barabara ya mlimani, ukishaipita Maskati ya kale. Ni kijiji cha wavuvi, nyumba zimebanana kati ya mawe na maji. Nilikuwa na mwenyeji pale, mwanamke wa miaka hamsini na kitu ambaye huvua kwa mashua yake mwenyewe akiwa na wifi yake. Nilimwita khala, kama tunavyomwita mwanamke aliyetuzidi umri. Kwa miezi kadhaa khala alikuwa akija ofisini kwetu kulalamika juu ya madema yaliyopotea. Dema la huku ni la waya, limeumbwa kama kawa kubwa la kufunikia chakula, lenye tundu la samaki kuingilia na mlango wa mvuvi kuwatolea. Mvuvi hulishusha chini ya bahari likiwa na chambo, akaacha boya juu, akarudi baada ya siku kadhaa kulivuta. Lakini meli ikikata kamba, au dhoruba ikichukua boya, dema linabaki chini. Samaki wanaingia, hawana pa kutokea, wanakufa, na mizoga yao inakuwa chambo cha wengine.

"Dema lililopotea halijui kama limepotea," khala aliniambia mara ya kwanza alipokaa mbele ya meza yangu. "Linaendelea na kazi."

Mudir alinisikiliza akizungusha kalamu. Ni mtu mpole, msafi kupita kiasi, ambaye hata faili zake huzipanga kwa rangi.

"Wageni kutoka dunia nzima," alisema, "na wewe unataka kuwapeleka kwenye vyuma vyenye kutu?"

"Ndiyo, mudir."

"Kuna mikoko. Mikoko ina ndege."

"Mikokoni litapelekwa kundi la pili. Mimi naomba Sidab."

Alitia saini, ila alipokuwa akinirudishia karatasi alisema, "Kitakachotokea huko ni chako." Nikasema sawa. Nilitoka na furaha, lakini neno lile lilikaa moyoni. Nilijua hakuipenda safari ile.

Mama naye hakuipenda. Mama yangu alizaliwa Unguja, na ingawa ameishi Maskati zaidi ya nusu ya umri wake, nyumba yake ya Hail bado inaendeshwa kwa sheria za nyumba aliyozaliwa. Nilipomweleza, aliacha kuchambua mchele akanitazama.

"Nnakushangaa," alisema. "Mgeni hutiwa ukumbini, akafukiziwa udi, akanyweshwa kahawa. Hapelekwi uani akaone mapipa."

"Mama, wageni hawa kazi yao ni mapipa."

Alicheka mpaka akajifuta macho na ncha ya mtandio. Kisha, kama kawaida yake, akaliendea jambo la maana. "Na watakula nini huko?"

Hilo lilikuwa likinisumbua. Hoteli ilitaka kutufungia chakula kwenye visanduku vya plastiki, kila mtu na kisanduku chake, na kijiko cha plastiki, na maji ya chupa. Nikajiona nikiwahutubia watu ufukweni juu ya taka, kisha nikiwagawia taka mpya. Nilimwambia mama nimekataa na sijui nifanye nini.

"Watu wangapi?"

"Basi moja. Hawafiki thelathini."

"Hao nnawapikia mie," mama alisema, na akamwita dada wa Tanga aliyekuwa akimsaidia jikoni. Dada huyo alikuwa na miaka minne kwa mama. Alikuja kufanya kazi za nyumbani, na kwa wakati ule mama alikuwa haendi popote bila yeye, si hospitali, si harusini. "Shoga," mama alimwambia, "tuna karamu ya pwani."

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, watu wa Sidab walianza kutoa madema. Wapiga mbizi walizama, mashua zikavuta, na kila dema lililoletwa lilitupwa mahali pamoja ufukweni ili wageni walione lundo lote kwa mpigo. Nilikwenda jioni ya mwisho kuhakiki. Lundo lilinizidi kimo. Ndani ya waya mlikuwa na magamba, mifupa, vipande vya nyavu, kaa mmoja aliyekauka akiwa ameshikilia tundu kwa gando. Sikuhitaji hotuba. Nililala usingizi mzuri.

Asubuhi basi letu liliposhuka mlima nilikuwa nimesimama mbele, kipaza sauti mkononi, nikiwaeleza wageni watakachokiona. Basi likakata kona ya mwisho. Ufukwe ulikuwa mtupu. Haukuwa mtupu tu, ulikuwa umefagiliwa, mistari ya reki ilionekana mchangani kama nywele zilizochanwa. Khala alikuwa amesimama katikati, mikono kiunoni.

Nilimkimbilia kabla wageni hawajashuka wote.

"Gari limekuja alfajiri," alisema. "Gari kubwa, na wafanyakazi. Wakasema wameagizwa eneo liwe safi kwa ajili ya wageni. Nikawaambia wageni hao wanakuja kwa ajili ya hizo taka. Hawakunielewa, wala sikupata wa kuwaelewesha. Nilikupigia simu, ukawa hupokei."

Simu yangu ilikuwa kwenye mkoba, nimeizima sauti. Lakini wakati ule sikufikiria simu. Nilimfikiria mudir, kalamu yake na faili zake za rangi. Kila kitu kikajipanga kichwani mwangu kwa sekunde moja. Hakuitaka safari, aliona haya, amesubiri usiku wa mwisho, ametuma gari. Nilihisi moto umenipanda kuanzia miguuni.

Wageni walikuwa wamekusanyika wakitazama mchanga mweupe. Wengine walianza kupiga picha milima. Nikapanda juu ya jiwe, nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo sikujua ninayo:

"Jana mahali hapa palikuwa na lundo la madema lililonizidi urefu. Watu wa kijiji hiki wamefanya kazi wiki mbili kuyatoa baharini ili myaone. Mkubwa mmoja ofisini kwetu ameona haya, ameamuru yaondolewe. Naomba radhi kwa niaba yake."

Wengine waliandika. Mama mmoja kutoka Visiwa vya Pasifiki alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari ya nyumbani kwao. Sitasema uongo, nilijiona shujaa.

Khala, ambaye hakuelewa Kiingereza changu ila alielewa uso wangu, alinivuta mkono. "Teremka," alisema. "Ufukwe wamesafisha, bahari je, nayo wameisafisha? Nina mashua tatu na wapiga mbizi wawili. Waambie wavae majaketi ya uokozi."

Ndivyo ilivyokuwa. Badala ya kusimama mbele ya lundo, watu wale walikwenda kulitafuta. Tulitoka kwa zamu. Katika mashua ya kwanza nilikaa na mtafiti wa Kijapani, mwanamume wa makamo, mnyamavu, ambaye mabuti yake ya mpira alikuja nayo kutoka kwao ndani ya mfuko wa kitambaa. Hatukwenda mbali. Mpiga mbizi, mpwa wa khala, mtu mzima mwenye ndevu nzito, alizama kando ya mwamba, akakaa chini hata nikaanza kuhesabu pumzi zangu, akaibuka akatoa ishara. Tukavuta kamba sote.

Dema lilipofika juu harufu ndiyo iliyotangulia. Chini yake palijaa mifupa na utelezi. Juu ya mifupa hiyo walikuwamo samaki wazima, changu wachache wakirukaruka, na chewa mkubwa aliyelala ubavu. Pua ya chewa yule ilikuwa imechunika mpaka nyama nyeupe. Alikuwa ameisukuma kwenye waya, siku nyingi, akitafuta pa kutokea.

Yule Mjapani aliomba koleo, akapiga magoti ndani ya mashua akaanza kukata waya mmoja mmoja. Changu walitoka haraka. Chewa alisukumwa kwa viganja, akaelea ubavu, nikadhani amekwisha, kisha mkia ukapiga mara moja, mara ya pili, akazama kwenye kivuli cha mwamba. Yule bwana aliendelea kutazama maji baada ya sisi sote kuacha.

Kufikia adhuhuri tulikuwa na madema saba mchangani. Lundo dogo, lakini kila mtu alijua lake. "Lile ni letu," walikuwa wakioneshana. Nguo zimelowa, mikono imechafuka, na wataalamu wawili waliokuwa hawasalimiani ukumbini walikuwa wakisaidiana kuondoa mwiba wa samaki kidoleni.

Hapo ndipo mama alipofika. Kaka yangu alimleta yeye na dada wa Tanga kwa gari lake, nyuma kumejaa masinia yaliyofunikwa, wali wa nazi, mchuzi wa papa, mikate ya kumimina, na sahani za nyumbani kwetu, hata zile za kabatini ambazo sisi watoto hatukuwahi kuruhusiwa kuzigusa. Mama alikaa kwenye kiti kivulini akaanza kuamrisha. Dada wa Tanga alibeba sinia la kwanza, akaliweka juu ya mkeka, na alipoinuka akayaona madema. Akayaendea. Akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye waya.

"Dada," aliniita, "hili ndiyo dema la huku?"

"Ndiyo hilo."

"Waya mtupu? Mpaka mlango?"

"Mpaka mlango."

"Ehee," alisema, kama mtu aliyepata jibu la jambo la zamani. "Ndo maana. Kwetu baba anasuka la mianzi. Likipotea baharini, halikai sana, linaoza, samaki wanajitokea zao. Hili haliozi leo wala kesho."

Nilimtafsiria khala kwa Kiarabu, kwa sababu alikuwa amesogea kutaka kujua mgeni huyu anagusa nini. Khala alipunga mkono. "Mwambie mianzi haifai hapa. Mkondo utaivunja."

"Simwambii asuke mianzi," dada alisema. "Dema alifanye hilo hilo la waya. Mlango tu ndo aufunge kwa kamba ya makumbi ya nazi. Akija kulivuta, kamba anaitazama, ikichoka anabadilisha. Dema likipotea, kamba inaoza yenyewe, mlango unaanguka. Kwisha."

Nilitafsiri. Nyuma yangu nikasikia yule Mjapani akiuliza, kwa Kiingereza chake cha taratibu, wanasema nini. Nikamweleza. Akatoa daftari lake, akaomba dada arudie, unene wa kamba uwe kiasi gani, ifungwe wapi. Dada alionyesha kidole chake kidogo, kisha akachuchumaa tena akaonyesha fundo penyewe. Bwana yule akachora. Alisema amesikia kwamba kuna nchi wanatumia uzi wa pamba kwa njia kama hiyo, lakini siku mbili zile ukumbini, katika hotuba zote, hakuna aliyelitaja. Akaniuliza dada huyu anatoka taasisi gani.

Nilimtafsiria swali. Dada akacheka, akajipangusa mikono kwenye kanga. "Mwambie natoka jikoni."

Lakini khala hakuwa mtu wa kukubali kirahisi. "Na samaki wangu wakinikimbia kabla sijafika?"

"Basi kamba nene kidogo, mama."

"Makumbi mimi nitayatoa wapi? Hapa tuna mitende."

"Mtende si una nyuzi? Tusokote hizo tuone."

Wakaendelea, mmoja kwa Kiarabu cha Sidab, mwingine kwa Kiswahili cha Tanga, mimi katikati nikigeuza maneno huku na huku, na kila nilipokumbuka nikimpa Mjapani sehemu yake kwa Kiingereza. Wageni walitukalia duara na sahani mapajani. Mama alilalamika kwamba wali unapoa na hakuna aliyemsikiliza.

Mudir alikuja baada ya sala ya adhuhuri, kanzu yake nyeupe imenyooshwa vizuri. Alisimama kwenye ukingo wa mchanga akatazama madema.

"Nilidhani haya yameondolewa," alisema.

"Hayo yaliyoondolewa ni ya jana. Haya wamevua wageni." Kisha sikuweza kujizuia. "Mudir, kwa nini ulituma gari?"

"Mimi?"

"Alfajiri. Limechukua kila kitu."

Hakukasirika. Alitoa simu yake, akatafuta, akanipa nisome. Ilikuwa nakala ya barua kwenda kwa kampuni ya usafi tuliyokodi kwa ajili ya mkutano. "Tafadhali hakikisheni eneo lote la ufukwe liko wazi na safi kabla ya kuwasili kwa wageni." Chini yake palikuwa na saini. Saini ilikuwa yangu.

Niliikumbuka. Niliiandika siku ambayo nilikuwa na barua kumi za kuandika. Nilipoandika "eneo", kichwani mwangu nilikuwa naona mahali pa kuegesha basi, kwa sababu magari ya watu huzagaa pale asubuhi. Aliyeisoma aliona ufukwe wote, na kwa kweli ndivyo nilivyoandika. Nilitamani mchanga ule uliochanwa vizuri ufunguke.

"Wageni umewaambia nini?" mudir aliuliza.

"Nimewaambia mkubwa mmoja ofisini aliona haya."

"Mkubwa gani?"

"Nilikukusudia wewe."

"Mbele ya wote?"

"Mbele ya wote."

"Basi unajua la kufanya," alisema, akaenda kumsalimia mama.

Nilijua. Wageni walipokuwa wakirudi ndani ya basi, nilipanda ngazi ya kwanza, nikageuka.

"Asubuhi niliwaambia jambo ambalo si kweli," nilisema. "Nilisema mkubwa wetu ndiye aliyeamuru lundo liondolewe. Aliyeandika barua ni mimi. Niliiandika vibaya, kisha nikamtupia lawama mtu ambaye hakuwapo kujitetea. Yuko hapa sasa, na namwomba radhi mbele yenu kama nilivyomsema mbele yenu."

Mudir alikuwa chini, karibu na mlango. Akakohoa. "Wala hakukosea sana," aliwaambia wageni. "Gari sikutuma. Lakini wazo lilinijia."

Basi zima likacheka, na mimi nikacheka pamoja nao, kwa nafuu zaidi kuliko furaha. Yule mama wa Pasifiki aliponipita alinigonga begani kwa ngumi ndogo. Nikamwona khala akimwuliza mama kwa Kiarabu watu wanacheka nini, na mama, ambaye alikuwa amesikia yote, akimjibu, "Binti yangu amejifunza kusoma barua zake mwenyewe."

Kamba ya mtende haikufanikiwa mara moja. Wiki tatu baadaye khala alinipigia simu, sauti juu. Dema lake limerudi tupu, mlango uko wazi, na kaa ndiye aliyekata kamba, alama za magando anaziona kwa macho yake. Nilikuwa Hail siku hiyo, nikampa simu dada wa Tanga huku nikitafsiri ubavuni. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema asokote nyuzi mbili kwa pamoja na fundo aliweke upande wa juu, mbali na mchanga. Khala alikata simu bila kuaga. Mwezi uliofuata alituma picha ya dema limejaa, mlango umefungwa kwa fundo la juu, na hakuandika neno hata moja.

Leo mashua kadhaa za Sidab hufunga milango hivyo. Nyingine hazifungi, wenyewe wanasema ni kazi ya ziada, na sina jibu la kuwapa ila kuwaonyesha madema yale. Chini bado yamo mengi. Mudir alimwandikia dada barua ya shukrani, barua ya kweli, yenye muhuri, na kabla ya kuituma aliniletea mezani niisome kwa sauti, tukaisoma wote wawili. Siku hizi tunafanya hivyo kwa kila barua inayohusu ufukwe. Dada alipiga picha barua yake akamtumia baba yake Tanga. Mzee akapiga simu papo hapo kuuliza kama samaki wa Omani ni wakubwa kuliko wa kwao, na dada akamwambia ni wakubwa lakini hawana akili.

Mimi naendelea na kazi yangu. Nimepeleka Sidab wageni wa nchi ambazo siwezi kuzitaja majina bila kutazama ramani, na sijapata kundi lililolalamika. Wageni wagumu nimegundua ni wa hapa hapa. Majira ya baridi yaliyopita nilimwomba mudir ruhusa ya kuwapeleka wafanyakazi wa jengo letu, wahasibu na makarani, watu wanaoishi mwendo wa nusu saa kutoka Sidab na hawajawahi kuukanyaga mchanga wake. Khala aliwapokea na ndoo ya glavu. Karani mmoja, kijana wa Khuwair mwenye kanzu mpya, alimwuliza kwa adabu asimame wapi ili asichafuke.

"Barabarani," khala alimwambia, akamtilia glavu mkononi.

Aliitazama kanzu yake, akatazama wenzake waliokwisha kuinama kuvuta kamba, akakunja pindo akalifunga kiunoni, akaingia majini.